Kukinga Utumbo kwa Binzari: Uhakiki wa Istilahi Nne za Tiba ya Saratani

Kazi ya istilahi ya tiba haimaliziki pale orodha inaposanifiwa. Humalizika pale mgonjwa anaposikia neno na kutenda kwa kulifuata. Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi nne zinazohusu vitu vya mimea ambavyo husemwa kuwa vinalinda utumbo wa mtu anayetibiwa saratani. Tumeichagua Morogoro iwe uwanja wa kuzipimia, kwa kuwa katika miteremko ya Uluguru, pande za Mkuyuni, Kinole na Matombo, wananchi hulima viungo, na msomaji wa huko ana dawa inayotajwa shambani mwake.

Tuchukue sentensi hii ya mfano: “Viambato asilia vya binzari hukinga bitana ya utumbo wakati wa tiba ya kansa.” Kisarufi haina kasoro. Kimaana ina kasoro nne.

Kwanza, bitana. Neno hili ni la fundi cherehani. Bitana ni kitambaa kinachoshonewa ndani ya koti, nacho kikichakaa hutolewa na kutiwa kingine. Sehemu ya ndani ya utumbo ni kitu hai, na seli zake hujifanya upya kila baada ya siku 3 hadi 5 hivi. Hiyo ndiyo sababu ya kudhurika kwake: mionzi na dawa nyingi za saratani huziua hasa seli zinazogawanyika upesi, ziwe za uvimbe au za utumbo. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi, anayetoka Matombo na kupigwa mionzi ya nyonga katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, huweza kuharisha kwa sababu hiyo. Tunapendekeza utando wa ndani wa utumbo. Yeyote aliyewahi kuosha utumbo wa mbuzi anaujua utando huo wenye utelezi.

Pili, asilia. Hapa mtafsiri ameweka upande mmoja “asilia” na upande wa pili “kemikali”, kana kwamba ni maadui. Kurkumini iliyomo katika manjano ni kemikali, sawa na dawa iliyomo katika dripu. Tena, dawa ya saratani iitwayo irinotekani imetokana na kamptothesini, kemikali ya mti wa China ambayo Wall na Wani waliitangaza mwaka 1966; nayo irinotekani inajulikana kwa kuwaharisha wagonjwa vibaya. Kumbe mmea nao waweza kuzaa dawa inayouumiza utando uleule. Isidhaniwe kwamba tunawadharau waganga wetu. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inaitambua kazi yao, na humo neno “asili” limetumika kutaja aina ya uganga. Katika sentensi yetu neno hilo limegeuzwa kuwa hati ya usalama. Viambato vya mimea yatosha: huonyesha kinakotoka kitu bila kukisifu.

Tatu, binzari. Kwa wengi wa bara, neno hili ni unga wa manjano. Kwa wengine, hasa Zanzibar, “bizari” ni mchanganyiko wa viungo vya mchuzi. Na bizari nyembamba ni mbegu za pilau, mmea mwingine kabisa. Jambo hili si la jikoni tu. Mchanganyiko wa mchuzi mara nyingi huwa na pilipili, na mtu ambaye utumbo wake umechubuka akiunywa kama dawa atazidi kuteseka. Iandikwe manjano, na mahali pa kwanza iongezwe “yaani binzari manjano” kwa ajili ya wasomaji wa bara.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, kukinga. Tangu chanjo zienee, raia amefundishwa kwamba kinga ni bora kuliko tiba, na kwamba aliyekingwa hapatwi. Kurkumini imeonyesha matumaini kwa wanyama wa maabara, lakini ushahidi kwa binadamu bado hautoshi kumwagiza mgonjwa aitumie. Unga wa manjano una asilimia chache tu za kurkumini, na sehemu kubwa yake haiingii katika damu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa piperini ya pilipili manga huongeza kiasi kinachoingia kwa mara 20. Pilipili manga nayo hulimwa Uluguru, hivyo ni rahisi mtu kujichanganyia nyumbani. Lakini vidonge vikali vya mchanganyiko huo vimehusishwa na madhara ya ini, na piperini huweza kubadili jinsi mwili unavyotumia dawa nyingine. Neno “hukinga” limeyafunika yote hayo.

Huenda mtu akasema kwamba mwanakijiji anahitaji lugha nyepesi. Twakubali, lakini wepesi wa lugha hauhitaji kuficha shaka iliyopo. Sentensi ile yaweza kuandikwa hivi: “Manjano yamechunguzwa ili kuona kama hupunguza madhara ya tiba ya saratani kwenye utando wa ndani wa utumbo, lakini haijathibitika kwamba humsaidia mgonjwa, asiyatumie kama dawa kabla ya kumwuliza daktari wake.” Ni ndefu zaidi, lakini haina neno gumu hata moja, na mgonjwa akiisikia anajua la kufanya.

Wahariri wa maandishi ya afya wasiridhike na ufasaha wa sarufi peke yake. Nao walimu na watafsiri walioko Morogoro wanaombwa wayakusanye majina ya viungo kama yanavyotamkwa mashambani na katika soko la Chifu Kingalu, wayalinganishe na yale ya pwani na visiwani, kisha wayalete yajadiliwe.