Nipe Mji: Uhakiki wa Chemshabongo ya Masisi

Mtegaji wa kitendawili ana mamlaka makubwa kuliko tunavyodhani tunapofundisha fasihi simulizi darasani. Husema "Kitendawili!", akajibiwa "Tega!", na wasikilizaji wakishindwa huwadai akisema "Nipeni mji". Hupewa mji wowote watakaoutaja, naye husafiri kwa maneno mpaka huko, akala, akanywa, akastareheshwa, ndipo afichue jawabu. Hakuna wa kumkatalia. "Nyumba yangu haina mlango" ni yai kwa sababu jamii imekwisha kubaliana kuwa ni yai. Kaburi nalo halina mlango, lakini anayejibu "kaburi" amekosa, na hana mahali pa kukata rufani. Ndivyo ilivyo pia kwa Wanyarwanda, ambao mtegaji wao huanza kwa "Sakwe sakwe!" na kuitikiwa "Soma!". Jawabu la kitendawili halijithibitishi lenyewe. Mwenye kulithibitisha ni aliyelitega.

Makala haya yanahusu fumbo la namna nyingine, ambalo ndani yake mfumbuaji anaweza kujua kwamba amepata bila kuruhusiwa na mtu. Fumbo hilo ni chemshabongo ya mafumbo. Chemshabongo ya kawaida, ile aliyoibuni Arthur Wynne katika gazeti la New York World mwezi wa Desemba 1913, hutoa fasili tu na kuomba neno. Ile ya mafumbo, iliyostawi Uingereza tangu miaka ya 1920, hutoa kidokezo chenye njia mbili. Njia moja ni fasili ya neno linalotafutwa. Ya pili ni mchezo wa maneno unaolijenga neno hilo hilo kwa vipande vyake. Mfumbuaji hupita njia zote mbili, na zikikutana amefika. D. S. Macnutt, aliyejificha nyuma ya jina la Ximenes, alitoa mwaka 1966 kitabu kizima kuhusu kanuni za utunzi huu. Tukizikusanya kwa ufupi, mtungaji ana ruhusa ya kupotosha lakini hana ruhusa ya kusema uongo: kila neno la kidokezo sharti liwe na kazi.

Sidhani kwamba Waswahili ni wageni wa jambo hili. Muyaka wa Mombasa alikuwa bingwa wa fumbo, na magazeti, tangu Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, yaliwazoesha wasomaji kuulizana na kujibizana kwa mashairi. Tusichokuwa nacho ni zoezi la kulazimisha fumbo lijithibitishe. Kwa ajili ya uhakiki huu nimetunga vidokezo kadhaa ambavyo majawabu yake yote ni miji na maeneo ya Masisi na jirani zake, katika Kivu ya Kaskazini. Dhamira ya miji imetokana na lile dai la mtegaji. Masisi nimeichagua kwa sababu mtoto wa Karuba hukutana na Kihunde, Kinyarwanda na Kiswahili cha Kongo kabla hajakutana na Kiswahili cha kamusi, na kwake swali la nani mwenye jawabu si la mchezo tu.

Kwanza hatuna budi kuamua chumba kimoja cha mraba kijazwe nini. Kiingereza hujaza herufi. Tukiiga hivyo tunaangukia tatizo la tahajia mara moja. Mji mmoja wa Masisi huandikwa Kitchanga na pengine Kitshanga, kwa mazoea ya Kifaransa, ingawa Mswahili angeuandika Kichanga. Idadi ya herufi hubadilika, nayo silabi hubaki tatu: KI-CHA-NGA. Kwa hiyo nashauri silabi. Kidokezo huja bila shida: "Mtoto aliyezaliwa juzi, mjini". Kichanga ni mtoto mchanga, na ni mji. Fasili mbili, jawabu moja, na tahajia ya wakoloni haimsumbui mtu.

Silabi pia ndiyo kipimo ambacho wachezaji wa lugha wa Pwani wamekitumia siku zote. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwaka 1870, alionyesha lugha ya kinyume, ambayo silabi ya mwisho huhamishiwa mwanzo. Hakuna aliyegeuza herufi moja moja. Mbuzi akawa zimbu, hakuwa "izubm". Kuna hasara yake, na tuikubali. Herufi za irabu ni tano tu, hivyo maneno hupatana kwa urahisi katika mraba. Silabi ni nyingi mno, na majina mawili hukosa pa kukutania. Katika majina yangu, KARUBA hukutana na RUBAYA katika BA, na na WALIKALE katika KA. MUSHAKI hukutana na KICHANGA katika KI. GOMA hukutana na MASISI katika MA. Hivyo ni visiwa vitatu, na mraba kamili ungehitaji maneno ya kawaida ya kuviunganisha. Sake maskini haikupata jirani hata mmoja.

Hata hivyo Sake ndiyo yenye kidokezo chepesi kuliko vyote: "Mji wa njia panda umo ndani ya visa kemkem". Neno "umo" linatuambia tutazame ndani: vi-SA KE-mkem. Mji huo uko kiasi cha kilomita 25 magharibi ya Goma, na njia ya kupanda Masisi hapo huachana na ile ya kufuata ziwa. Msomaji atakayesema kwamba kidokezo hiki ni chepesi mno amesema kweli. Lakini mraba wowote unahitaji mlango mmoja wa wazi.

Goma nayo yafundisha jambo. Kidokezo cha kwanza kinachomjia mtungaji ni "Ngoma isiyo na kichwa". Ni kitamu masikioni, ila katika mraba wa silabi ni batili. Katika neno ngoma, sauti ya n haisimami peke yake. Silabi ni NGO na MA, na anayekata n amekata herufi, hakukata silabi. (Katika neno mtu, m ni silabi kamili na hupewa chumba chake, mwanafunzi wa fonolojia atauona mraba huu ukimfundisha somo ambalo mihadhara humchosha.) Kidokezo halali ni "Kataa kazi kando ya ziwa": goma, kitenzi, na Goma, mji.

Tufike Karuba yenyewe. Hapa nina vidokezo viwili, na kuvilinganisha ndiko kiini cha uhakiki huu. Cha kwanza: "Ruka kinyumenyume ufike kwa nusu ya baba, mjini Masisi". RUKA likigeuzwa ni KARU. Nusu ya BABA ni BA. Zikiunganishwa ni KARUBA. Maneno yote ni ya kila siku, na mtoto wa darasa la tatu anayajua, awe wa Karuba au wa Bagamoyo. Cha pili: "Mnyonya damu aliyedunishwa, mjini Masisi". Mnyonya damu ni ruba; akidunishwa kwa kiambishi ka- huwa karuba. Hiki cha pili kina ladha zaidi, kwa kuwa hakikati wala hakigeuzi. Kinafuata njia ileile ambayo lugha huitumia kuzaa maneno. Lakini kinamtaka mfumbuaji awe na Kiswahili viwili. Neno ruba ni la kamusi za Pwani. Kiambishi ka- cha udogo, kwa upande wake, Kiswahili sanifu hukitumia kwa haya, wakati Kongoni ni hai kabisa: katoto, na wingi wake tutoto. Msomi wa Dar es Salaam atalijua ruba na kusitasita penye ka-. Wa Karuba atakipata ka- papo hapo akakwama penye ruba. Wakikaa pamoja watakifumbua kwa dakika moja.

Ruba huyohuyo anarudi katika RUBAYA: "Mnyonya damu na nusu ya yaya penye machimbo". RUBA, kisha YA. Rubaya ni mji wa koltani, madini yanayokwenda katika simu za dunia nzima, na ulitekwa na waasi wa M23 mwaka 2024. Kitchanga iliangukia mikononi mwao mwezi wa Januari 2023. Hapo "nipe mji" inapoteza utani wake. Nilifikiri kuyaondoa majina haya katika mraba, kisha nikayaacha, kwa kuwa fumbo la Kiswahili halijapata kuwa pahali pa kukimbilia mambo ya nchi. Muyaka alifumba kwa sababu ya vita na siasa za Mombasa, si kwa kukosa la kufanya.

Kidokezo kilichonifurahisha zaidi kukiunda ndicho ninachokitilia shaka zaidi. WALIKALE, teritwari ya misitu iliyo jirani na Masisi, hugawanyika bila kuguswa: wali, kale. "Chakula cha harusi, zama zile, msituni". Kwa msomaji wa Unguja ni zawadi. Kwa wasemaji wengi wa Kongo, kilichomo sahanini ni muchele, kikiwa kibichi au kimepikwa, na neno wali halimjii mtu haraka. Njia ya pili ya uthibitisho imezibwa. Mfumbuaji huyo amebakiwa na fasili peke yake, yaani amerudishwa kwenye kitendawili: atakubali jawabu kwa kuwa mwenye kamusi amesema. Mamlaka aliyokuwa nayo bibi mtegaji yamehamia kwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1981 katika chuo kilicho mbali sana na Karuba. Wahakiki wanaoisifu chemshabongo kwa haki yake wanalisahau jambo hili. Haki ya kidokezo ni haki baina ya watu wenye maneno yaleyale.

Dawa si kuliondoa neno wali. Dawa ni kutunga pia vidokezo ambavyo sanifu haiwezi kuvifungua. Mfano ni huu: "Kisha mutu, mkia ukikatwa, arudi silabi kwa silabi hadi kilimani". Kata mkia wa "kisha mutu" na utabaki na KI-SHA-MU. Geuza, utapata MUSHAKI, mji ulio juu ya Sake katika njia ya Masisi. Mhariri wa sanifu akisahihisha mutu kuwa mtu, chumba cha kwanza kitajazwa M badala ya MU, na mji utapotea. Kiambishi mu- si kosa la wanafunzi wa Kivu. Ndiyo sura ya Kiswahili chao, na lugha zao za kwanza zinaitegemeza: Kinyarwanda husema umuntu, na Kihunde, ambacho Kahombo Mateene alikitolea sarufi mwaka 1992, nacho kina mu-. Izingatiwe pia kwamba kinyume cha Unguja hakitoshi hapa. Kikiambiwa kigeuze kishamu kitatoa "mukisha", maana huhamisha silabi moja tu. Ndiyo maana kidokezo hakina budi kusema "silabi kwa silabi", kikinyamaza kimedanganya.

Limebaki MASISI. Jina hili lina mtego ambao mtungaji yeyote atauona: ndani yake mna sisi. Njia ya mkato ni "Sisi kwa wingi", kwa kuwa ma- ni kiambishi cha wingi. Kidokezo hiki kina mvuto mkubwa kwa anayeijua historia. Kati ya mwaka 1937 na 1955 serikali ya Kibelgiji, kupitia chombo chake cha kuhamisha Wanyarwanda, ilileta katika nyanda za Masisi maelfu ya watu kutoka Ruanda. Mwezi wa Machi 1993 mauaji yaliyoanzia soko la Ntoto, Walikale, yalienea Masisi, na kila upande ulikuwa na "sisi" yake. Sisi kwa wingi: mshairi angelikumbatia neno hilo asiliachie.

Mhakiki hana budi kulikataa. Sisi ni wingi tayari. Haipokei ma-, si Pwani wala Kongo. Mfumbuaji hawezi kuthibitisha jawabu kwa sarufi, itambidi amsadiki mtungaji, na hapo mtungaji amejipa mji kabla hajapewa. Nachagua kidokezo kikavu zaidi: "Nusu ya mama, kisha sisi, katika teritwari". Utamu wake ni mdogo, lakini mama ni mama Unguja, ni mama Goma, na katika Kinyarwanda pia ni mama. Anayefumbua huku amekwisha andika GOMA kwenda kulia atakuta MA imo chumbani ikimngoja, na toka hapo kwenda chini vimebaki vyumba viwili tu.