Kikopo cha bonboni

Wandugu, wengi wenu mmeiona Hotaru no Haka, yaani Kaburi la Vimulimuli, filme ya katuni ya Isao Takahata ya mwaka 1988. Kila tukiizungumzia, kuna mtu atasema eti ni filme ya kulilisha watu bule. Mimi nakataa.

Kobe, Juni 1945. Ndege za Marekani, B-29, zinamwaga mabomu ya moto juu ya nyumba za mbao. Seita ana miaka 14, dada yake Setsuko ana 4. Mama yao anaungua, anakufa. Baba ni ofisa wa jeshi la majini, hayuko. Kutoka hapo Takahata anaonyesha zaidi chakula kuliko vita. Shangazi anabadilisha kimono za marehemu apate mchele, kisha anaanza kuwapimia watoto uji. Bonboni zinaisha katika kikopo, na Setsuko anafyonza vigololi vya kioo akidhani ni zenyewe. Seita naye anafika kungojea king'ora, juu saa ile watu wanakimbilia mahandaki, na yeye anaingia nyumbani kwao kuiba. Sehemu hii ndiyo inanishika kabisa. Aliyepigwa na mabomu anawaibia waliopigwa kama yeye, na filme haimfichi wala haimlaani.

Ku Tokyo, usiku wa 10 Machi 1945, inakadiriwa watu karibu 100,000 walikufa. Unasoma, unageuza ukurasa. Setsuko hata bomu halikumgusa: alikufa kwa njaa, zaidi ya miezi miwili baadaye. Mtoto wa namna hiyo nani anamhesabu? Takahata mwenyewe alikuwa na miaka 9 alipokimbia mabomu ku Okayama, na Akiyuki Nosaka, aliyeandika hadithi hiyo mwaka 1967, alifiwa na dada yake mdogo kwa njaa. Watu kama hao hawana haja ya kutia chumvi.

Ila nina ugomvi nayo mahali pamoja. Baba tunamwona katika picha, na uniforme yake, shujaa wa mtoto wake. Kumbe ndege za jeshi lile lile la majini zilikuwa zikipiga Chongqing, ku China, kati ya 1938 na 1943, na raia wa kule walikufa vilevile ndani ya nyumba zao. Filme haisemi neno. Mtaniambia: mtoto wa miaka 14 angejua nini? Ni kweli. Lakini Takahata wa 1988 si mtoto tena. Mtu wa Chongqing akiiangalia atalia, halafu atauliza kuhusu ile uniforme, na filme ilikuwa na nafasi ya kulibeba swali lake, hata kwa sekunde chache.

Pamoja na hayo, muangalie tena mwisho. Roho za watoto wawili zimekaa juu ya kilima, na chini Kobe mpya inawaka taa. Hakuna mnara, hakuna hotuba. Kama megabaiti zenu ni chache, tafuteni hata hiyo sehemu peke yake, na ile ya king'ora.