Kopi nzuri haianzi kwa mwimbaji

Kuna sifa moja ambayo ikitamkwa ukumbini natamani kuchukua kofia yangu niondoke: "Kapiga kama kanda!" Juzi nimeisikia tena, harusini, akisifiwa kijana aliyeimba "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Watu walisimama wakamtuza, mzee mmoja akambandika noti kwenye paji la uso. Sauti kijana anayo, sikatai, na alikwaruza koo palepale alipokwaruza Issa Juma. Lakini nyuma yake kulikuwa na kinanda kilichowashwa mdundo wake wa kiwandani, na mpiga besi aliyejaza noti kila penye nafasi kama kibarua anayelipwa kwa idadi ya matofali. Tulichosikia ni maneno ya "Sina Makosa" yakipita juu ya wimbo ambao hakuna aliyeutunga.

Kanuni ni hii, na asiyeikubali tusisumbuane. Mpiga kopi mbaya huiga sauti, akaibadili besi. Mpiga kopi mzuri huiacha besi na ridhimu zilivyo, halafu sauti akaifanya yake mwenyewe. Mengine yote, suti, taa, wacheza shoo, ni ya mpiga picha.

Tubaki kwenye wimbo huohuo, maana ndio unaoharibiwa kuliko nyimbo zote. Les Wanyika walijitenga na Simba Wanyika mwaka 1978, Nairobi. John Ngereza kwenye solo, Omar Shabani kwenye ridhimu, Tom Malanga kwenye besi. Usiku mmoja usikilize wimbo ule ukiwa umemsahau kabisa mwimbaji. Besi inasema jambo fupi, inakata. Inaacha uwazi. Ridhimu, ambayo ilikuwepo muda wote bila mtu kuiona, ndiyo inayosikika katika uwazi ule, kisha besi inarudi na kusema tena, si mapema wala si kwa kuchelewa. Kiuno cha mchezaji kinageuka palepale besi iliponyamaza. Asiye fundi hudhani anachezeshwa na noti. Anachezeshwa na pengo, na pengo hilo ndilo wapiga kopi wa leo wanaloliziba kwanza, kwa sababu kimya kinawatisha. Wanaona mpiga besi aliyenyamaza nusu sekunde amesahau.

Najua tatizo linakoanzia. Vijana wanajifunza nyimbo kwenye spika ya simu. Spika ile haitoi besi. Inatoa sauti, solo na sauti ya chuma ya matoazi. Kwa hiyo mwimbaji anaupata wimbo, mpiga solo anaupata, na mpiga besi anakisia. Zamani mpiga besi aliyetaka kunasa kifungu kigumu aliichukua sahani ya 45 akaizungusha kwa mwendo wa 33. Wimbo ukawa mzito na wa chini, mzee mwenye gramafoni akanung'unika, lakini kila noti ilionekana ikija na ikiondoka. Akitoka hapo hakuwa na cha kukisia.

Mtihani wa pili ni kuingia chemko. Wimbo wa dansi wa enzi zile huanza kwa utulivu, kisa kinaelezwa, halafu mahali fulani bendi nzima inavuka. Bendi mbovu huvuka kwa kelele: mpiga ngoma anavuruga ngoma zote alizonazo, mwimbaji anapiga ukunga. Bendi nzuri huvuka kwa ridhimu. Mkono wa mpiga ridhimu unabadilika kwanza, karibu kwa siri, wenzake wanaingia mmoja mmoja, na wewe unajikuta umeshasimama. Sikiliza Mlimani Park ya mwanzo, Sikinde yenyewe, wakati Michael Enoch yumo. Huyu alikuwa mtu wa kupiga solo na saksafoni pia, alitoka Dar es Salaam Jazz akiwa tayari mwalimu wa wengi, na upangaji wake unasikika: hakuna chombo kinachokanyaga kingine. Sijawahi kusikia kopi ya Sikinde iliyovuka vizuri ikiwa na wapigaji ambao hawajafanya mazoezi pamoja bila mwimbaji.

Matapeli nao wana ufundi wao. Yupo anayewanyoshea watu maikrofoni kila inapofika noti ya juu. Mnadhani anawapenda, kumbe hapandi. Yupo anayeunganisha nyimbo sita, ubeti mmoja mmoja, asikutwe kwenye chemko ya hata mmoja. Nilimshuhudia mwingine, jina nalihifadhi, ambaye kila penye pengo la besi alitaja jina la pedeshee. Ukumbi ulimpenda, noti zilimwagika, na wimbo ukawa orodha ya wafadhili.

Hao angalau wanatafuta riziki. Mwenye sauti nzuri anayeiga sauti ya marehemu kwa uaminifu ananisikitisha zaidi. Bi Kidude aliimba nyimbo za Siti binti Saad, yule aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani. Angeweza kujaribu kuwa Siti. Hakujaribu hata kidogo. Alikuja na koo lake pana lenye kokoto, akaimba kana kwamba wimbo umezaliwa uani kwake, na mpaka leo wapo wanaodhani "Muhogo wa Jang'ombe" ni mali yake. Sifa ya kopi ndiyo hiyo. Huko Mombasa Juma Bhalo alikwenda mbali zaidi: alichukua lahani za filamu za Kihindi, akazivika mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani, na wapenzi wake wakalia machozi bila kuulizana filamu gani.

Tukija kwenye "Malaika", ugomvi wa nani aliutunga nauacha. Fadhili William ndiye aliyeutia kwenye sahani Nairobi mwanzoni mwa miaka ya sitini, na gitaa lake halina haraka. Miriam Makeba aliurekodi na Harry Belafonte katika albamu ya mwaka 1965. Kiswahili hakikuwa lugha yake, na wenye lugha mpaka leo wanamkosoa matamshi. Mimi nimemsamehe zamani, kwa kuwa aliuacha wimbo upumue. Boney M walioutoa mwaka 1981 siwasamehe. Ngoma ile inapiga mfululizo mpaka mwisho, na mtu anayebembeleza hana hata mahali pa kushusha pumzi.

Wazee wenzangu husema vijana hawana vipaji. Si kweli. Walichokosa ni mshahara. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Sikinde ikawa ya shirika, DDC. Vyombo vilikuwa vya mwajiri na mazoezi yalikuwa kazi. Mpiga besi alilipwa mwisho wa mwezi, basi akapata moyo wa kunyamaza panapotakiwa kunyamaza. Leo bendi inaishi kwa kutuzwa, na anayetuzwa ni mwimbaji. Sijaona mtu akipanda jukwaani kumbandika noti mpiga ridhimu. Kwa hiyo mpiga ridhimu anapandisha sauti, mpiga besi anajaza, kila mmoja anataka aonekane, na wimbo unasongwa na watu waliokuja kuupiga.

Nawaomba basi ninyi mlio kwenye kamati za harusi, kwa kuwa fedha ziko mikononi mwenu. Kabla ya kutoa malipo ya kwanza, nendeni mazoezini. Mwambieni mwimbaji akae kwenye kiti, vyombo vipige dakika mbili bila yeye. Mkiutambua wimbo, lipeni. Msipoutambua, tafuteni diski joki mwenye sahani za kweli, atawatoza nusu ya bei.