Herufi Nyekundu: Alama na Maana Yake katika Kitabu cha Hawthorne

Wengi wetu tukisoma hadithi tunatafuta tu mambo yaliyotokea: nani alifanya nini, tena mwisho ulikuwa nini. Tukiisha kuujua mwisho, tunafunga kitabu. Lakini kuna vitabu visivyosomwa hivi. Kimoja ni kile alichokitoa Nathaniel Hawthorne wa Marekani mwaka wa 1850, The Scarlet Letter, ndiyo kusema Herufi Nyekundu.

Hadithi yenyewe si ngumu. Katika mji wa Boston, karne ya 17, kati ya Waprotestanti wakali walioitwa Wapuritani, Hester Prynne amezaa mtoto, na mume wake hayupo. Waamuzi wanamsimamisha juu ya jukwaa mbele ya watu wote, tena wanamwamuru avae kifuani herufi A ya kitambaa chekundu, mwanzo wa neno uzinzi kwa Kiingereza. Yeye anakataa kumtaja baba wa mtoto. Naye ni Arthur Dimmesdale, mchungaji wao, ambaye watu wanamhesabu kuwa mtakatifu.

Tuangalie basi hiyo herufi. Waamuzi walidhani kwamba alama ni yao, na maana yake ni yao vilevile. Sivyo. Hester anaipamba kwa nyuzi za dhahabu. Anasaidia maskini, anakesha na wagonjwa. Na miaka ikipita, watu wanasema kwamba ile A ni mwanzo wa neno hodari. Kwa mtoto Pearl, herufi ndiyo mama yake: siku Hester anapoitupa mwituni, mtoto anakataa kuvuka kijito mpaka mama aivae tena. Usiku mmoja nuru inapita mbinguni, na mchungaji anaona ndani yake A ya dhambi yake. Kumbe kesho yake anaambiwa kwamba watu wameona A ya neno malaika, kwa kuwa gavana Winthrop amekufa usiku ule. Alama ni moja. Kila mtu anaisoma kwa moyo wake.

Jukwaa nalo linarudi mara tatu. Mara ya kwanza Hester anasimama pale mchana, na mchungaji yuko juu, kati ya wakubwa. Mara ya pili mchungaji anapanda usiku, watu wamelala. Mara ya tatu anapanda mchana, anaungama mbele ya wote, anakufa.

Kosa la kitabu lipo. Pengine Hawthorne anatuonyesha alama kwa kidole mno. Ile A ya mbinguni imezidi, sawa na mhubiri anayeeleza mfano mpaka wasikilizaji wanasinzia. Lakini mwishoni anajizuia: juu ya kile kilichoonekana kifuani mwa mchungaji, anatoa maneno ya mashahidi yasiyopatana, anatuachia sisi tuamue.

Ndugu tunaojitayarisha kuhubiri, nanyi mnaohubiri tayari, someni polepole mahali Dimmesdale anapojiita mkosefu mkubwa kuliko wote. Anasema kwa maneno ya jumla tu, nao wanamsifu kwa unyenyekevu wake! Neno la kweli limegeuka uongo kinywani mwake. Watu wale walikuwa na jukwaa la wote, au kunyamaza. Hawakuwa na sakramenti ya Kitubio. Hawthorne hakuwa Mkatoliki, lakini aliijua njaa hii: katika The Marble Faun, mwaka wa 1860, anamwingiza Hilda, binti wa Kipuritani, katika kiti cha maungamo ndani ya basilika ya Mtakatifu Petro, Roma. Na binti yake mwenyewe, Rose, aliingia katika Eklezya mwaka wa 1891, kisha akaanzisha shirika la watawa Wadominiko la kutunza maskini wenye kansa.

Tusikisome kitabu hiki ili tuwacheke Wapuritani. Herufi ya Hester ilimtaja kuwa mbaya kuliko alivyokuwa. Nguo nyeusi ya mchungaji ilimtaja kuwa mwema kuliko alivyokuwa. Sisi nasi tunavaa alama, na watu wanazisoma.