Mkono wa Kulia wa Charlie Watts

Tafuta video ya Rolling Stones wakiwa jukwaani enzi za Charlie Watts, na ujizuie kumtazama Mick Jagger. Si rahisi, maana yule bwana aliumbwa atazamwe. Jizuie hivyo hivyo. Peleka macho nyuma yake, kwa mtu aliyeketi wima kati ya ngoma nne kama karani wa posta anayesubiri saa ya kufunga, kisha kazia mkono wake wa kulia. Mkono uko kwenye haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa mguu. Unagonga, unagonga, halafu unainuka. Mkono wa kushoto unaposhuka kwenye snea, ngoma ndogo iliyo mbele yake, wa kulia uko hewani na haugusi kitu. Snea inalia peke yake. Mkono unarudi chini, unagonga, unainuka tena. Wimbo mzima hivyo, na kwa Charlie Watts, aliyejiunga na bendi Januari 1963, hivyo kwa miaka mingi, hadi alipofariki London tarehe 24 Agosti 2021, akiwa na miaka 80.

Hesabu na vidole utaona alichofanya. Moja, mbili, tatu, nne. Kati ya kila hesabu na inayofuata kuna nusu yake, kwa hiyo haihati ina nafasi nane za kugongwa. Mpiga dramu wa roki kwa kawaida huzigonga zote, na kwenye mbili na nne mikono yake hutua pamoja, wa kulia kwenye haihati na wa kushoto kwenye snea. Watts aligonga sita. Zile mbili zilizoangukia juu ya snea aliziacha zipite.

Ukimwuliza mtu asiyepiga ala atakuambia hasikii tofauti. Mwekee wimbo wa kila namna, mmoja baada ya mwingine, na baada ya dakika chache mguu wake utakuwa umeshajibu. Haihati inapogongwa pamoja na snea, mchakacho wa shaba unaivaa ile sauti ya ngozi na kuifanya pana, nene, yenye ukungu. Ikiachwa, snea hubaki kavu na tupu, na kabla yake huwa kimya kidogo sana ambacho sikio hukijaza lenyewe. Pale ndipo watu huanza kutikisa kichwa bila kujua nani amewaambia.

Mashabiki wa Stones wamebishana juu ya mkono huu kwa miaka mingi, na mabishano yao ni matamu kuliko mengi ya mashabiki wa muziki. Wako wanaosema ulikuwa uvivu uliozaa matunda. Wako wanaosema ni jazi iliyojificha ndani ya roki. Watts mwenyewe alipoulizwa alieleza kwamba hakuwa akijua anafanya hivyo, na kwamba huenda sababu ni kuondoa tu mkono njiani ili pigo la snea lipate nguvu. Nalikubali jibu hilo kwa sababu linaendana na kijiti. Watts alishika kijiti cha kushoto kwa namna ya wapiga jazi wa zamani, kimelala kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, kiganja kikitazama juu. Mshiko huo ni mzuri kwa minong'ono na brashi, ila kwa kupasua sauti mbele ya gitaa mbili za umeme hauna msuli wa ule mwingine wa kushika kijiti kama nyundo. Mtu wa mshiko huo akitaka pigo zito lazima alisafishie nafasi. Aliisafisha kwa kuinua mkono.

Kuinua mkono ni rahisi. Yeyote aliyejifunza dramu kidogo ataweza kwa nusu dakika. Kazi inaanza baada ya hapo, kwa sababu mkono unaogonga mfululizo hujibeba wenyewe, mwendo wake ndio saa yake. Mkono unaokatizwa mara mbili kila hesabu nne lazima uanze upya mara mbili, na kila mwanzo ni nafasi ya kuchelewa au kuwahi. Wengi wakijaribu, wimbo unachechemea. Kwake uliyumba, lakini haukuchechemea, na kati ya kuyumba na kuchechemea ndimo ilimo kazi yake yote.

Alikotoka kunasaidia kueleza. Alizaliwa 1941, mtoto wa dereva wa lori, akakulia Wembley, nyumba jirani na kijana aitwaye Dave Green ambaye baadaye alikuwa mpiga besi wa jazi na rafiki yake hadi uzeeni. Ngoma yake ya kwanza ilikuwa banjo. Alimsikia Chico Hamilton akichapa brashi kwenye rekodi ya Gerry Mulligan, akaing'oa shingo ya banjo lake, akaliweka lile duara juu ya kistendi na kuanza kulipapasa kwa brashi. Wazazi wakamnunulia dramu halisi mwaka 1955. Alisomea usanifu wa michoro, akafanya kazi kwenye matangazo ya biashara, na akachora kitabu kidogo cha watoto kuhusu Charlie Parker ambamo mpiga saksafoni huyo ni ndege. Alipoingia Stones, wenzake walikuwa wametekwa na bluzi ya Chicago. Yeye ilibidi afundishwe Jimmy Reed. Kila usiku wa safari za bendi, toka 1967, alichora kitanda cha hoteli alicholalia. Picha za vitanda, basi. Nikizikumbuka sishangai kwamba mtu huyo aliweza kupiga pigo lile lile miaka nenda miaka rudi na bado likamshughulisha.

Kisha kuna suala la nani anamfuata nani. Katika bendi nyingi mpiga dramu ndiye nguzo na wengine hujifunga kwake. Bill Wyman, aliyepiga besi hadi alipojitoa mwanzoni mwa miaka ya 1990, alieleza kwamba Stones walikuwa kinyume: Keith Richards anaanza na gitaa lake la rithimu, Charlie anamfuata. Ufuatano huo una uchelewaji, mdogo mno kuupima kwa sikio, lakini upo. Ndiyo maana bendi hii ikisikika siku mbaya unadhani itasambaratika kabla ya kiitikio, na siku njema unasikia vilevile, ila unafurahi. Video zinaonyesha. Richards anageuka, anamsogelea mpiga dramu, wanatazamana, na mwendo unabadilika kidogo bila neno.

Mwendo wenyewe, tuseme ukweli, haukutulia. "Honky Tonk Women" inaisha kwa kasi zaidi ya ilivyoanza, wala huhitaji mashine kulijua hilo. Wimbo huo ulitoka Julai 1969, wiki ileile aliyokufa Brian Jones, aliyekuwa mpiga gitaa wao, huku Mick Taylor akiwa ndiyo kwanza ameshika nafasi yake. Unaanza kwa kengele ya ng'ombe inayogongwa na Jimmy Miller, mtayarishaji wao, kisha dramu zinaingia, na kuna kitu hakijakaa sawa. Watts alikiri baadaye kwamba mmoja wao, yeye au Miller, aliingia pasipo pake, na kwamba jukwaani hawakuwahi kuupiga mwanzo ule kama ulivyo kwenye santuri. Mtayarishaji mwingine angesimamisha utepe na kusema turudie. Miller aliuacha. Nadhani leo, kompyuta zinaposogeza kila pigo kwenye mstari wake kabla mwimbaji hajafika studio, mwanzo ule ungenyooshwa ndani ya dakika moja, na tungepoteza sekunde kumi bora za roki.

"Start Me Up" una mtego wa namna hiyo. Gitaa linaingia peke yake, sikio linaamua lenyewe moja iko wapi, snea inaingia na kukuambia umekosea, halafu kila kitu kinajipanga kabla hujapata muda wa kuaibika. Wimbo huo walijaribu kuupiga kwa rege mara nyingi huko Paris mwishoni mwa miaka ya 1970, ukashindikana, ukapigwa kwa roki na kuwekwa kando, mpaka ukafukuliwa kwa ajili ya albamu ya Tattoo You mwaka 1981. Wanaoshabikia rege ile wapo. Siwaungi mkono.

Shabiki anayejua kazi yake atakushika kwenye swali hili: taja nyimbo za Stones ambazo Watts hakupiga. Hapo wengi huanguka. "You Can't Always Get What You Want" ni Jimmy Miller, kwa kuwa Watts hakulipata lile pigo siku ile studio, na Miller aliyekuwa akimwonyesha akaishia kulipiga mwenyewe. "Happy" na "Shine a Light" za mwaka 1972 ni Miller pia. "It's Only Rock 'n Roll" ni Kenney Jones. Mpiga dramu mwenye majivuno angeficha orodha hiyo. Watts alijifunza pigo la Miller akalipiga majukwaani miaka yote iliyofuata, na alizungumza waziwazi kwamba Miller alimfundisha mengi. Kuna kisa maarufu cha Amsterdam, cha Jagger kumpigia simu alfajiri akimwita "mpiga dramu wangu", na Watts kuvaa suti, kushuka na kumpiga ngumi. Kimesimuliwa mno. Mtu anayekaa chini kujifunza pigo la mtayarishaji wake ananivutia zaidi ya yule wa ngumi.

"Street Fighting Man" wa 1968 nauweka peke yake. Richards alirekodi gitaa la kawaida, lisilo la umeme, kwenye kaseti ndogo ya Philips hadi sauti ikajaa na kukwaruza, na Watts akapiga dramu za mazoezi za miaka ya 1930 zinazokunjwa na kuingia ndani ya sanduku dogo, karibu kitu cha kuchezea. Sauti kubwa ile inayokuja mbele ya wimbo, inayofanya watu wadhani ni ukumbi mzima, imetoka kwenye sanduku la safari. Niliposoma habari hiyo niliusikiliza wimbo upya nikijitahidi kusikia udogo wake, na udogo haukusikika.

Mwaka huohuo mwongozaji wa filamu Jean-Luc Godard aliingia studio ya Olympic, London, na kamera, akanasa "Sympathy for the Devil" ikitengenezwa. Kwa mtu anayependa kazi kuliko hadithi za wafanyakazi, sijui filamu ya muziki iliyo bora kuliko hiyo, ukiruka sehemu za siasa alizochomeka Godard. Wimbo unaanza polepole, mzito, hauendi popote. Wanaurudia. Wanaurudia tena. Polepole unageuka, miguu inaingia, na Rocky Dijon kutoka Ghana yuko kwenye tumba. Sisi tuliokulia kwenye dansi, ambako tumba na dramu hugawana kazi tangu zamani, tunajua kosa la kawaida: mpiga dramu anayeendelea kujaza nafasi ambazo tumba imeshazijaza. Watts anasikia, anapunguza, anamwachia Dijon katikati ya wimbo na kubaki pembeni. Uso wake hauonyeshi lolote.

Naelewa kwa nini wengine hawamweki juu. Weka John Bonham wa Led Zeppelin kando yake, mguu wake mmoja kwenye ngoma kubwa ukifanya kazi ambayo wengine wangehitaji miguu miwili, na Watts ataonekana mdogo. Weka Keith Moon wa The Who, Watts ataonekana amelala. Hakupenda kupiga solo. Nguvu za Bonham hakuwa nazo, na ushabiki unaodai alikuwa nazo haumsaidii. Lakini mpe Bonham "Get Off of My Cloud" ya 1965, ule mlio wa dramu unaofungua wimbo na kurudi kila mara, usiobadilika, usioongezwa chumvi hata wimbo unapochemka, na ninashuku asingevumilia hadi mwisho.

Safari ya bendi iliyokuwa imepangwa iliendelea Septemba 2021, huko St. Louis, Steve Jordan akiwa kwenye kiti. Jordan ni mpiga dramu mwenye nguvu, mwenye uhakika, na chini yake bendi inasimama wima zaidi. Albamu ya Hackney Diamonds ya 2023 karibu yote ni yake. Nyimbo mbili, "Mess It Up" na "Live by the Sword", zina dramu za Watts zilizorekodiwa 2019, na kwenye ya pili Bill Wyman alirudi kupiga besi, huku Elton John akiwa kwenye piano. Mashabiki wameanza mabishano mapya: je, Stones wasioyumba ni Stones? Nasema ndiyo, jina ni lao na nyimbo ni zao. Ila ukisikiliza albamu hiyo kwa mpangilio, fika "Mess It Up", halafu rudi wimbo mmoja nyuma, halafu nenda tena mbele, na useme wewe ni wapi gitaa la Richards lilipata mtu wa kulifuata.