Ufundi wa Kukinga Upepo

Upepo wa kusi ukivuma, Kibarani, Mombasa, hakuna pa kujibanza. Barabara inatoka Changamwe na kuvuka maji ya Makupa, bahari kulia, bahari kushoto, na mwenye baiskeli anayeingia kisiwani hana budi kuinamia usukani. Muuza maji aliyefunga madumu nyuma anaijua siri yake: akipata lori linalokwenda taratibu mbele yake, mzigo huwa mwepesi ghafla. Madumu ni yaleyale; upepo ndio umepata wa kuupokea.

Mbio za baiskeli za siku moja zimejengwa juu ya elimu hiyohiyo. Ni waendeshaji zaidi ya mia, kilomita 250 hivi, saa sita kwenye kiti chembamba, na hakuna kesho ya kufidia. Aliye mbele hupasua upepo. Anayemfuata, gurudumu lake likiwa shubiri moja tu kutoka la mwenzake, huokoa hadi theluthi ya nguvu zake. Watazame viwiko. Wa mbele akichoka hutikisa kiwiko kidogo, akasogea pembeni, na wa nyuma yake akashika zamu bila neno. Upepo ukipiga ubavuni hujipanga mshazari, kila mmoja akijikinga kwa mwenzake, mpaka lami iishe. Aliyekosa nafasi hubaki ukingoni peke yake, na muda si mrefu ameachwa.

Biniam Girmay wa Eritrea aliuonyesha ufundi huo tarehe 27 Machi 2022, katika Gent–Wevelgem huko Ubelgiji, akiwa na miaka 21. Hata kushiriki hakukuwa kwenye mpango. Alikuwa arudi Asmara kwa mkewe na mtoto wao, ila nafasi ya tano aliyoipata siku mbili kabla katika mbio za E3 ikabadili safari. Alivuka uwanda wa De Moeren wenye upepo mkali, akapanda mawe ya kilima cha Kemmelberg, kisha akachomoka na wenzake watatu. Wakapeana zamu kwa uaminifu, ingawa kila mmoja alijua mwisho wao ni kugeukana. Karibu na utepe Girmay alikaa nyuma, akiwaona wote. Zikibaki kama mita 250 akafyatuka, na Christophe Laporte hakumpata tena. Kilomita karibu 249 za kuweka akiba, robo kilomita ya kuitumia yote! Ndiye Mwafrika wa kwanza kushinda mbio hizo.

Milimani hesabu hubadilika. Mwendo ukipungua, faida ya mgongo wa mwenzako nayo hupungua, ikabaki miguu na mapafu. Ndivyo ilivyokuwa Kigali tarehe 28 Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Tadej Pogačar wa Slovenia alishambulia zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, akamaliza peke yake. Kati ya wanaume wote walioanza kilomita zile 267.5, waliofika mwisho ni 30 tu. Baadhi ya waliojitoa walikuwa wamekwisha kutimiza kazi yao: kubeba chupa za maji na kumkinga kiongozi wa timu.

Basi ukitazama mbio hizi, usingoje mita 200 za mwisho. Anza mapema, umtafute aliye mbele akipigwa na upepo kwa ajili ya mwingine. Jukwaani hatapanda, lakini bila yeye mshindi hafiki.