Kupika watu, kupikia watu: Simpsons wakicheka The Twilight Zone

Leo naleta katuni, na musicheke: inatugusa siye watu wa agronomia.

Mu 1962, mfululizo wa Marekani The Twilight Zone, kazi ya Rod Serling, ulionyesha kipindi "To Serve Man". Wageni warefu wanashuka kutoka anga: wanamaliza njaa, wanageuza jangwa kuwa mashamba, vita inaisha. Wameacha kitabu. Wataalamu wanafasiri kichwa chake tu: kuhudumia binadamu. Basi watu wanapanga mstari kwenda sayari ya wageni, na mbele ya kupanda wanapimwa kilo. Hakuna anayeuliza juu ya nini. Kumbe ni kitabu cha mapishi.

Tarehe 25 Oktoba 1990 Simpsons walichukua hadithi ile na kuipindua, mu sehemu fupi ya kipindi chao cha kwanza cha Halloween. Kang na Kodos, wageni wa jicho moja, wanabeba familia nzima na kuilisha vizuri sana. Lisa peke yake anashuku. Anaingia jikoni, anaona kitabu: jinsi ya kupika watu. Mgeni anapuliza vumbi: kupikia watu. Lisa anapuliza tena: kupika watu 40. Mgeni anapuliza mara ya mwisho: kupikia watu 40. Kiswahili chetu kinabeba mzaha huo bila shida, sababu kati ya karamu na kifo kuna herufi moja tu.

Ni mzaha wa akili. Serling alituonya tusiamini mbio; Simpsons wanaonyesha kama hata mashaka yanaweza kusoma nusu. Wanatumia dakika chache tu na hawahubiri.

Lakini mwisho wake siukubali. Mpishi analia, wageni wamekasirika, familia inarudishwa nyumbani, na Lisa mwenyewe anasema wabaya walikuwa wao. Kosa lote linabebeshwa mtoto aliyeuliza. Na wale waliowabeba watu bila kuwaomba ruhusa, wakaacha kitabu na vumbi lake? Hao hawaulizwi kitu.

Niko na sababu ya kuguswa. Wakati wa staji tulipeleka mahindi ya hibridi kijijini. Mama mmoja akauliza: "Mwanangu, na musimu ujao, mbegu itatoka wapi?" Tulikasirika sawa yule mpishi. Tunaleta bure, na bado anashuku! Lakini alikuwa na haki. Punje za hibridi ukizirudisha shambani, mavuno yanashuka na mimea haifanani tena; unapashwa kununua mbegu upya kila musimu. Tulilijua jambo hilo kutoka auditoire. Hatukumwambia. Vumbi lilikuwa mikononi mwetu, na tulingoja yeye apulize.

Njo maana naona parodia hii ni nzuri kuliko hukumu yake. Iangalieni pamoja na kile cha 1962, kimoja kiisha kingine. Kisha mujiulize, mbele ya kushuka tena mashambani: karatasi tunayopelekea wakulima, tumeisoma yote? Na wao, tumewasomea yote?

Mi nilicheka. Kisha nikamukumbuka yule mama.